Nimelelewa na wengine, sasa nawatafuta wangu

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 17. Mama aliyenilea si wa kabila langu, alinichukua nikiwa mchanga. Mwaka huu nimeanza kukaa na vijana wa kabila langu la asili. Walicheka matamshi yangu, kisha wakaniambia nimuigize mama anavyoongea. Nikamuigiza. Walicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo siwezi kumtazama mama usoni. Niache kutafuta asili yangu? – Joka Dogo*

Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa limenikumbusha Spike, joka wa katuni ya My Little Pony aliyelelewa na farasi. Katika kisa kimoja cha mwaka 2012 anawafuata majoka wenzake, nao wanamdhihaki, wanampa mitihani, mwishowe wanamwamuru avunje yai la feniksi, ndege wa hadithi. Anakataa. Wewe ulipewa yai lako ukalivunja, ndiyo maana hulali. Lakini kinachokuuma ni tendo lile. Asili yako haina kosa.

Kwa hiyo usiache. Vijana watano au sita si kabila zima, na hakuna aliyewapa mamlaka ya kuamua nani ni wao na nani si wao. Spike mwenyewe, mwaka 2016, alikutana na Ember, binti wa mkuu wa majoka, wakawa marafiki bila yeye kuacha upole aliolelewa nao.

Anza na lugha. Mtafute mtu mzima wa kwenu, hata mmoja, atakayekusahihisha neno kisha akangoja ulirudie, bila kicheko. Na akijitokeza mtu wa kudai ni baba yako, usimkimbilie. Spike lilimkuta hilo pia: joka mmoja alijifanya babaye, kumbe alitaka kutumikiwa tu. Uliza maswali, linganisha na anayoyajua mama.

Maana mama ndiye wa kwanza kuulizwa. Alikupokea kutoka kwa nani? Karatasi gani anazo? Ulikuja na jina gani? Usiulize kama mwizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 8, unatambua haki ya mtoto ya kuhifadhi utambulisho wake, na ibara ya 20 inataka kabila, dini, utamaduni na lugha yake vizingatiwe anapolelewa nje ya familia yake. Huenda naye amekaa miaka yote hii akingoja uulize.

Halafu mwambie ulichofanya. Najua unaona afadhali asijue kabisa. Mimi naona hapana, kwa sababu siri hiyo ndiyo inayokuinamisha kichwa kila mkikaa kula, na yeye anakuona umebadilika bila kujua kisa. Usizunguke. "Mama, nilikuigiza unavyoongea, watu wakacheka, na naona aibu." Kisha nyamaza, naye aseme lake. Akilia, usitoke chumbani.