Umesoma Falsafa? Kamati ya Maadili Inakuhitaji

Vijana waliosoma falsafa huniuliza kama maadili ya tiba na ya mazingira yana ajira. Ipo, ila haba, na aghalabu haitangazwi gazetini. Mimi niliingilia kwenye kamati za maadili ya utafiti. Hapa Tanzania utafiti wa afya unaohusisha watu hauanzi bila kibali cha maadili, na kamati zinazokitoa huhitaji pia wajumbe wasio madaktari.

Siku ya kwanza mwanafalsafa Kant mwache nyumbani. Ukipewa andiko la utafiti, anza na fomu ya ridhaa, ile atakayosomewa mama wa Kilosa akiwa na mtoto mgongoni. Damu itakayobaki baada ya vipimo itapelekwa wapi? Itatunzwa miaka mingapi? Nani ataruhusiwa kuipima tena? Nimekutana na fomu zenye kurasa za maelezo kuhusu faida za utafiti, na juu ya damu sentensi moja tu. Halafu kuna nauli wanayopewa washiriki. Wajumbe wenzako watasema fedha nyingi ni kishawishi. Sawa, lakini mtu aliyeacha shamba msimu wa palizi amepoteza siku ya kazi, na kumrudisha kwao na soda ni kumnyonya. Hili nimelibishania vikaoni kuliko jambo lingine lolote, na msimamo wangu ni uleule.

Kwenye mazingira kazi ni ngumu zaidi, maana anayeumia hawezi kutia saini. Wanafunzi wangu huwapa kesi ya chura wa Kihansi: mdogo, wa manjano, anazaa badala ya kutaga, na makazi yake yalikuwa manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, Udzungwa, basi. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa umeshaanza kujengwa. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kufugwa. 2009 akatangazwa kutoweka porini. 2012 wakaanza kurudishwa bondeni.

Mwanafunzi akiniandikia kwamba uhai wote una thamani sawa, akaishia hapo, hapati alama. Nataka aniambie umeme ule uliwasha taa za nani, mabomba yaliyowekwa kunyunyizia bonde maji badala ya manyunyu yale yanagharimiwa na nani, na ugonjwa wa kuvu ulioshambulia vyura unahusianaje na bwawa, kama unahusiana.

Kwa njia hii ya kufikiri namhusudu mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995. Alisoma sayansi Uppsala, Sweden, kabla falsafa haijamteka, na aliporudi alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye busara. Baadaye aliandika juu ya dunia kama familia moja, ambamo ndugu aliyefanikiwa ana wajibu kwa yule aliyekwama.

Kama uko mwaka wa pili, muhula ujao chukua somo la takwimu, na ikolojia ukiweza. Walimu wako wa falsafa watakushangaa. Waache washangae.