Diski inayolia "tak tak": usiichomeke tena

Pole sana ndugu. Umesema diski yako ya nje yenye picha za harusi ya dada yako ilianguka kutoka mezani, sasa inalia "tak, tak", na fundi amekushauri uiweke kwenye friza. Tafadhali usifanye hivyo. Friza italeta unyevu ndani, basi.

Diski nyingi za aina hiyo zina visahani vinavyozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa mwanya mwembamba kuliko unywele mara maelfu. Mlio huo mara nyingi ni kichwa kinachotafuta alama zake, kinazikosa, kinarudi mwanzo. Kikiwa kimepinda, kila ukiiwasha kinaweza kukwangua utando wa sumaku, na picha zako ziko kwenye utando huohuo. Kilichokwanguliwa hakirudi kwa pesa yoyote. Mimi nilipoteza video ya marehemu bibi akisuka ukili kwa sababu niliendelea kuchomeka na kuchomoa usiku kucha. Bado inaniuma.

Itafutie wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, wanaoweza kubadilisha vichwa. Ni ghali, kwa hiyo kwanza mpigie mpiga picha wa harusi, huenda nakala anazo bado.

Ukizipata, weka nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba. Usitegemee flashi ya kabatini: hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole ikikaa miaka bila kuchomekwa.