Nimenunua nyumba ya mirathi yenye saini za kughushi, je ni halali yangu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nilinunua nyumba hapa Mombasa kwa kijana aliyesema kairithi kwa marehemu baba yake. Hati imeshaingia jina langu na wapangaji wananilipa mimi. Sasa wamejitokeza dada zake wawili, kumbe aliwaghushia saini. Wakili ananiambia nitulie, maadamu hati ninayo. Mimi sikujua lolote. Nyumba ni halali yangu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, kutojua kumekuondolea dhambi, lakini milki hakukupi. Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 29, amekataza tusiliane mali kwa batili ila iwe biashara ya kuridhiana, na hao dada hawakuridhia. Mtume (S.A.W.) naye alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho.

Ikiwa marehemu hakuacha mrithi mwingine, deni wala wasia, kaka ana nusu na kila dada ana robo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu akiuza chake pamoja na cha wenzake kwa mkataba mmoja, mauzo yanasihi katika fungu lake na kubatilika katika lao. Basi wewe uliyeghuriwa una hiari: vunja yote udai pesa zako zote kwa kaka, au baki na nusu umdai nusu ya bei. Ukibaki, umekuwa mshirika wa dada hao, nao wana haki ya shufaa, yaani haki ya mshirika kulichukua kwa bei yake fungu lililouzwa kwa mtu wa nje, aliyoihukumu Mtume katika kila kisichogawanywa kama alivyopokea Bukhari kwa Jabir. Wakiidai bila kuchelewa, na nyumba ikiwa yagawika bila kupoteza manufaa yake, watakulipa bei ya nusu hiyo na utatoka.

Je, dada wakikubali kuuza? Kwa Hanafi na Maliki idhini yao inatosha. Kwetu kauli yenye nguvu ni kwamba kilichobatilika hakifufuki, kwa hiyo fungeni nao mkataba mpya kwa bei mtakayoafikiana. Hilo ndilo ninalokushauri, maana linakutoa kwenye khitilafu zote.

Kodi ya fungu lao uliyokwisha pokea ni haki yao, warudishie. Najua inauma, pesa ulizomlipa kaka huenda zimeshaliwa. Mdai yeye, mshtaki ikibidi, usijifidie kwa wasichana waliodhulumiwa kama wewe.

Na wakili wako asikutulize. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 kinaruhusu hati kupingwa ikiwa imepatikana kinyume cha sheria. Hata korti ingekupa, Mtume amesema, katika hadithi ya Ummu Salama, kwamba atakayehukumiwa haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto.

Mafungu ya mirathi yathibitishwe kwa Kadhi, na mgogoro wa hati mkiushindwa wenyewe uende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kodi ya mwezi ujao usiiguse peke yako.

Wallahu a'lam.