Maswali ya Bustani: Pioni chotara zinapogoma kutoa maua

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji walioko nchi za baridi, na zaidi ya nusu zinahusu ua moja: pioni. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu matatizo yao yanakaribiana, ila majibu hayafanani. Neno “chotara” kwenye lebo ya duka linabeba mimea ya tabia tofauti kabisa, na anayeitunza yote kwa namna moja lazima aikosee mmojawapo.

Nilinunua pioni chotara aina ya Coral Charm miaka mitatu iliyopita. Niliichimbia shimo refu, nikaweka samadi ya kuku ya kutosha ili ipate nguvu. Majani yake yanapendeza mno, lakini sijaona ua hata moja. Nifanye nini? — Dada wa Minneapolis, Marekani

Dada, barua yako imejijibu yenyewe mara mbili: shimo refu, na samadi ya kuku. Tuanze na shimo, maana ndilo zito zaidi.

Pioni hutoa mabua ya mwaka ujao kutoka kwenye macho, yaani vile vichipukizi vyenye ncha, vya waridi au vyekundu, vinavyokaa juu ya mzizi mnene. Macho hayo yanahitaji kuhisi baridi ya kipupwe. Yakifukiwa sentimita 8 au 10 chini, mmea unaishi vizuri, unajaza majani kila mwaka, na maua hautoi. Kina sahihi kwa jimbo kama Minnesota ni sentimita 3 hadi 5 za udongo juu ya jicho, basi. Mara nyingi mtu hupanda kwa kina sahihi kabisa, kisha udongo uliochimbuliwa unatitia kwa mvua na theluji, na mmea unashuka nao. Wewe ulichimba shimo refu, kwa hiyo huenda ndivyo ilivyokuwa.

Usikisie. Katikati ya Septemba fukua taratibu kwa vidole kando ya bua mpaka uguse jicho, kisha simamisha rula. Kama udongo umezidi kwa sentimita mbili tatu tu, uondoe kwa mkono na usiguse kitu kingine. Kama jicho liko chini mno, itabidi uinue shina zima:

Kata mabua yabaki sentimita 10. Zungushia jembe uma umbali wa sentimita 30 kutoka katikati, ukididimiza wima, halafu lisukume chini ya mizizi na uinue polepole. Mizizi ya pioni ni minene kama mihogo midogo na inakatika kirahisi ikiwa imejaa maji, kwa hiyo usimwagilie siku mbili kabla. Suuza udongo wote, kata kila sehemu iliyo laini au nyeusi. Ukitaka kugawa, kila kipande kiwe na macho 3 hadi 5 na mizizi kadhaa ya urefu wa kiganja; kipande chenye jicho moja kitakusubirisha miaka.

Shimo jipya liwe na upana na kina cha sentimita 50, mahali penye jua la saa 6 au zaidi, mbali na mizizi ya miti. Rudisha udongo, ushindilie kwa mguu, umwagie maji, uuache wiki moja au mbili utulie. Ndipo upande. Laza fimbo iliyonyooka juu ya mdomo wa shimo na upime kutoka kwenye fimbo hadi kwenye jicho. Ardhi ikishaganda, tandaza nyasi kavu kwa kipupwe cha kwanza tu, na majira ya machipuko yakianza uziondoe zote. Matandazo yanayobaki juu ya shina nayo ni kina. Wengi huyasahau hayo.

Kuhusu samadi ya kuku: ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni hulisha majani. Acha kabisa kuiweka. Changanya kikombe kimoja cha unga wa mifupa kwenye udongo wa chini ya shimo, halafu kuanzia mwaka wa pili weka konzi moja ya mbolea yenye naitrojeni kidogo, kama 5-10-10 (yaani naitrojeni 5, fosforasi 10 na potasiamu 10 kwa mia), mapema katika majira ya machipuko, ukiizungusha sentimita 20 kutoka kwenye mabua. Mbolea ikigusa taji, yaani pale mabua yanapokutana na mizizi, taji linaoza.

Onyo moja kwa wewe mwenye Coral Charm. Aina hii, aliyoizalisha Samuel Wissing na kusajiliwa mwaka 1964, ina damu ya pioni mwitu wa Balkani aitwaye *Paeonia peregrina*, na chotara za ukoo huo zina uwezo wa kuchipua upya kutoka vipande vya mizizi vilivyobaki ardhini. Ukiihamisha, usishangae kuona mche mwingine pale pale pa zamani. Kama umepanda kitu kingine mahali hapo, chunga.

Baada ya kuihamisha, mwaka wa kwanza usitegemee ua. Wa pili labda moja au mawili. Wa tatu ndipo umhukumu.

Jirani yangu Mwingereza ananiambia pioni zote hukatwa hadi chini vuli ikifika. Mimi nina Bartzella ya njano, na nikitazama mashina yake chini ni magumu kama mti. Nikate au niache? — Baba wa watoto wawili, Leicester

Jirani hakudanganyi, ila anazungumzia pioni yake, si yako.

Kuna makundi matatu. Pioni za mabua laini hufa juu yote kila mwaka. Hizo hukatwa sentimita 2 au 3 juu ya ardhi. Pioni za mti zina matawi ya kudumu. Hizo hazikatwi, huondolewa matawi yaliyokufa tu. Yako ni ya kundi la tatu, chotara wa hayo mawili, linaloitwa Itoh kwa heshima ya Mjapani Toichi Itoh. Yeye ndiye aliyefanikiwa kuoanisha kundi la kwanza na la pili mwaka 1948, baada ya majaribio mengi mno ya kuchavusha kwa mkono, akafariki mwaka 1956 kabla ya kuona miche yake ikichanua. Bartzella ilikuja baadaye, kazi ya Roger Anderson wa Wisconsin, na ilisajiliwa mwaka 1986.

Kwa tabia hiyo ya kuchanganya, majani na mabua ya juu ya Itoh hufa, lakini kisigino cha chini kinakuwa kama kijiti, na juu ya kijiti hicho kuna macho. Novemba, majani yakishakauka, kata uache sentimita 10 hadi 15. Usikate hadi chini. Leicester haina baridi kali sana, hivyo baadhi ya macho ya juu huvuka salama na kuanza mapema. Majira ya machipuko yakifika, tazama ni macho yapi yamevimba, kisha punguza kijiti kilichokauka hadi juu kidogo ya jicho lililo hai.

Ukija kutaka kuigawa, subiri miaka mitano au zaidi, na andaa msumeno mdogo. Kisu cha jikoni hakitoshi. Taji la Itoh ni gogo.

Chipukizi zilitoka vizuri Aprili, kisha moja ikalegea na kuanguka, wiki iliyofuata nyingine mbili. Je, ni jalidi? — Msomaji wa Hamburg, Ujerumani

Jalidi haichagui. Ingekuwa jalidi, chipukizi zote zingelegea asubuhi moja, na nyingi zingeinuka tena kufikia adhuhuri. Hizo zako zinakwenda moja moja, na hiyo ni dalili ya ukungu wa botritisi, adui mkuu wa pioni. Piga goti utazame chini ya bua pale linapokutana na udongo: utaona mkanda wa kahawia au mweusi, na kukiwa na unyevu, manyoya ya kijivu yanayotoa vumbi ukiyagusa. Ukungu huo huo ndio unaofanya tumba ndogo ziwe za kahawia na kukauka kabla ya kufunguka.

Kata kila bua lililougua, chini kabisa kwenye nyama safi. Tia ndani ya mfuko moja kwa moja, usikokote juu ya mimea mingine, na utupe kwenye taka. Usiweke kwenye mboji. Pangusa mkasi kwa spiriti baada ya kila bua. Kisha kwangua sentimita 2 za udongo wa juu kuzunguka shina, uweke mpya, bila matandazo.

Dawa za ukungu zipo, nazo hupulizwa chipukizi zikiwa ndogo na kurudiwa kama lebo inavyosema, lakini zinazoruhusiwa kwa bustani ya nyumbani hutofautiana nchi hadi nchi. Soma lebo ya hapo ulipo. Kwa maoni yetu usafi wa vuli unashinda dawa. Ukungu huu hulala kipupwe kizima kwenye mabua na majani yaliyoachwa, kwa hiyo anayefagia vizuri Oktoba amemaliza kazi kubwa. Acha nafasi ya mita 1 kati ya shina na shina, na mwagilia chini, asubuhi, si juu ya majani jioni.

Chotara yangu nyekundu inaanza kunyauka majani Agosti, wakati pioni za kawaida za jirani ni kijani kibichi. Inakufa? — Kaka wa Columbus, Ohio

La. Chotara nyingi za mabua laini huchanua wiki moja au mbili kabla ya wenzao na hulala mapema vile vile. Kama mabua ni magumu na hayana madoa meusi yanayooza, acha yakauke yenyewe. Usiyakate kwa kuwa yamekuchukiza tu: jani la kijani la Agosti ndilo linaloandaa macho ya mwaka ujao. Kama mvua imekosa, mpe maji ya kuzama kila wiki.

Sisimizi wamejaa kwenye tumba. Niwapulizie sumu? — Mama wa Birmingham

Hapana, mama. Wanaramba utamu unaotoka kwenye vijani vinavyofunika tumba. Hawaharibu ua, wala si kweli kwamba ua haliwezi kufunguka bila wao. Ukilikata kuliingiza ndani, litikise kichwa chini au lichovye kwenye maji.

Nimeona mtandaoni mbegu za pioni ya buluu, pakiti bei rahisi. Zinafaa? — Msomaji wa Toronto

Pioni ya buluu haipo. Picha hizo zimetiwa rangi kwa kompyuta. Kinachouzwa kwa jina hilo, hata kikiota, hakitakupa ua la picha.

Na hata mbegu ingekuwa ya kweli, chotara haipatikani kwa mbegu. Nyingi ni tasa. Zile zinazozaa, watoto hawafanani na mama. Mbegu ya pioni nayo ina usingizi wa mara mbili: inataka joto kwanza ili itoe mzizi, kisha baridi ya miezi ndipo itoe jani, halafu usubiri miaka minne mitano kuona ua. Hiyo ni kazi ya wazalishaji. Wewe nunua kipande cha mzizi chenye macho 3 hadi 5, mwezi Septemba au Oktoba, kutoka kitalu kinachoandika jina la aina. Mizizi mikavu inayouzwa majira ya machipuko kwenye mifuko ya maduka makubwa huota, ila huchelewa sana.

Niko Limuru, na kwetu Julai ni baridi hasa. Je, pioni itakubali? — Msomaji wa Kenya

Baridi ya Limuru inatosha kuvaa sweta, kwa pioni haitoshi. Macho yake yanahitaji kiasi cha miezi miwili ya baridi isiyokatika, kati ya nyuzi 0 na 6 za Selsiasi, na kwenu jua la mchana linaifuta baridi ya usiku kila siku. Bila hiyo itatoa majani machache dhaifu, na kila mwaka itapungua.

Aliye na chumba baridi cha maua anaweza kujaribu: pioni ndani ya chungu cha lita 40, ikishakauka majani, ikae kwenye nyuzi 2 hadi 4 kwa wiki 8 hadi 10, ikiwa na unyevu kidogo, kisha itolewe nje. Ni gharama kubwa kwa ua la wiki moja. Kwa shamba la Limuru sisi tungepanda haidrenjia na dalia za maua makubwa, ambazo zinakubali hali hiyo bila kubembelezwa.

Harusi ya mdogo wangu ni mwishoni mwa Juni, na Coral Charm zangu huisha mwanzoni mwa mwezi. Naweza kuzitunza? — Dada wa Boston

Unaweza, kama utakata kwa wakati. Bonyeza tumba kwa vidole viwili: likiwa gumu kama gololi, bado, likiwa limeonyesha rangi na kubonyea kama mkate laini, kata asubuhi. Likishafunguka, umechelewa. Acha angalau majani mawili kwenye bua, na usichukue zaidi ya theluthi moja ya mabua ya shina moja.

Pukuta majani ya chini, funga mabua kumikumi kwa gazeti kavu, tia ndani ya mfuko wa plastiki, laza kwenye friji ya nyuzi 1 au 2, bila maji. Friji hiyo isiwe na matunda hata tofaa moja, maana gesi ya matunda yanayoiva huharibu tumba. Yatakaa wiki tatu. Kila siku chache fungua uangalie unyevu, na lenye ukungu litoe.

Siku moja na nusu kabla ya sherehe, kata ncha sentimita 2 na uyasimamishe kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya chumba cha kawaida. Yataonekana yamekufa; yape saa kadhaa. Kumbuka pia kwamba rangi ya Coral Charm huanza kama tumbawe na kupauka hadi krimu kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo kama nguo za wasimamizi zimechaguliwa kwa rangi hiyo, usiyafungulie mapema. Na kata robo zaidi ya unayohitaji, maana si yote yatafunguka.