Kobe aliyepasuka gamba: sindano ya mbuzi itamuua

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mtaani wananiita Mama Kobe, maana mtu akiokota kobe, kinyonga au kenge aliyeumia ananiletea mimi. Mwishoni mwa Juni kijana wa bodaboda kaniletea kobe mkubwa wa madoa aliyegongwa na gari barabara ya Kondoa. Gamba limepasuka upande wa kulia, damu ilishakauka. Nampa nyanya, mkate, hata ugali laini, hagusi. Anajikunyata kwenye boksi tu. Duka la dawa za mifugo wanasema ana minyoo, nimchome ivermektini. Fundi naye kanishauri nizibe ufa kwa gundi ya vigae vumbi lisiingie. Halafu nina mwingine mdogo, bapa, gamba lake linabonyea ukiliminya. Huyo nimchome kalsiamu?

JIBU: Marahaba, Mama Kobe. Kama sindano bado hujamchoma, usimchome kabisa. Mengine yote tutayazungumza taratibu, hilo halingoji.

Ivermektini inapooza minyoo kwa kuzima mishipa yake ya fahamu. Mbuzi na ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kilo moja ya uzito na hawadhuriki, kwa kuwa ubongo wao una kizuizi kisichoruhusu dawa hiyo kupenya. Kobe hana kinga ya kutosha ya aina hiyo. Akichomwa, miguu inalegea, shingo inaning'inia, mwisho misuli ya kupumulia inagoma. Jambo hili limo kwenye majarida ya udaktari wa wanyama tangu 1983, na kobe wa madoa kama wako ni miongoni mwa waliochunguzwa: walilegea kwa dozi ndogo kuliko ya mbuzi. Ikishaingia mwilini hakuna sindano ya kuifuta. Tena fikiria hesabu yake. Ile chupa ya asilimia 1 imepimwa mililita 1 kwa kilo 50. Kobe wa kilo 3 anachomwaje kwa bomba lile lile la mbuzi? Muuza duka simshangai. Chupa yake inazungumzia ng'ombe na kondoo, na wateja wake ndio hao.

Na minyoo yenyewe sioni kama ndiyo tatizo. Kobe wa porini karibu wote wana vijidudu tumboni na wanaishi navyo vizuri. Ukitaka uhakika, peleka kinyesi kibichi maabara ya mifugo kipimwe kwa hadubini. Ikibidi kutibu, daktari atampima uzito na kuchagua dawa nyingine ya kumnywesha.

Huyu hali kwa sababu ana baridi. Kobe hajitengenezei joto. Analichukua kwenye jua na ardhi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai nyuzi zinashuka hadi kwenye 13 au 14, upepo juu yake. Kobe mzima porini anajificha na kungoja jua. Wako amejeruhiwa, yuko kwenye boksi juu ya sakafu ya saruji. Utumbo wa kobe aliyepoa hausagi chakula, kinga yake imelala, na hata dawa ya kuua vijidudu haisambai inavyotakiwa. Kwa hiyo joto linatangulia chakula, na linatangulia dawa.

Nenda duka la pembejeo za kuku ununue taa ya kulelea vifaranga. Itundike upande mmoja wa banda, juu kiasi cha nusu mita kutoka mgongoni mwake, na ufunge waya imara isije ikaanguka kwenye majani makavu. Chini ya taa pawe na nyuzi 30 hivi, upande wa pili pabaki baridi kidogo ili achague mwenyewe. Hilo la kuchagua ni muhimu sana, maana kobe aliyebanwa kwenye joto asilolikimbia hufa haraka kuliko aliyepoa. Ndiyo maana banda la bati lisilo na kivuli silitaki, hata kama mchana wa Julai unaonekana mpole. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga zinasaidia. Jiko la mkaa usiliingize chumbani. Moshi wake utawamaliza nyote wawili.

Akishapata joto, muogeshe kila siku kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yafike chini ya kidevu tu, dakika 15 hadi 20. Atakunywa, na mara nyingi atajisaidia humo humo. Tazama ule uji mweupe anaoutoa: ukiwa laini, maji yanamtosha, ukiwa na chembe kama mchanga, amekauka. Usimlazimishe chakula kwa bomba la sindano. Kobe hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, na kikishaingia mapafuni hakitoki kirahisi.

Sasa gamba. Watu wanalichukulia kama bati, ndiyo maana fundi akawaza gundi. Lile ni mfupa hai wenye damu na hisia, juu yake kuna tabaka la kitu kama ukucha, na uti wa mgongo umeungana nalo kwa ndani. Ukiziba ufa mbichi unafungia vijidudu ndani, usaha unachimba kuelekea mapafuni, na wewe juu unaona pamepona. Safisha kwa maji ya dripu ya chumvi kutoka famasia, kisha iodini uliyoichanganya na maji mpaka ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Kausha, funika kwa shashi, rudia kila siku. Nzi ndio adui mkubwa, kwa hiyo mchana wa siku za kwanza kwanza asikae nje bila chandarua.

Chunguza mambo mawili. Ukiona ngozi laini inapanda na kushuka ndani ya ufa, au mapovu, ufa umefika tumboni au mapafuni. Pili, mvute miguu ya nyuma taratibu: asipoirudisha, uti umeguswa. Kwa lolote kati ya hayo usingoje wiki. Hospitali ya wanyama ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro ni mahali pa kuulizia picha ya eksirei, na siku hizi treni ya SGR inafika huko kutoka Dodoma. Kidonda kikishakauka, daktari anaweza kushikiza kingo kwa skrubu ndogo na waya. Mfupa wa kobe huunga kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Yeyote atakayemchoma dawa, mwombe achome mguu wa mbele. Damu ya miguu ya nyuma inaweza kupitia figo kwanza, pamoja na dawa yenyewe, kabla ya kusambaa mwilini.

Chakula: ugali na mkate ondoa kabisa. Mpe nyasi, ukoka, majani makavu, na mpungate uliotolewa miiba, ambao Dodoma umejaa kwenye ua za watu. Mchicha si wa kila siku, unafunga kalsiamu. Ganda la yai lililosagwa lina kalsiamu ya kutosha; porini kobe hawa hutafuna mifupa na hata kinyesi kikavu cha fisi kwa ajili hiyo hiyo. Na jua la asubuhi ni lazima alipate moja kwa moja, kwani kioo cha dirisha kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini D.

Huyo mdogo bapa usimguse na kalsiamu. Kama ninavyomwelewa, ni kobe wa kwenye nyufa za mawe, anayepatikana milima ya mawe ya huku kwetu katikati. Gamba lake linabonyea kwa asili, ndivyo anavyojibana kwenye ufa asivutwe. Lakini ndiye aliye hatarini zaidi: tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imefungwa kabisa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 huwezi kufuga mnyamapori yeyote bila kibali, hata kama ulimwokota kwa huruma. Nenda kwa afisa wanyamapori wa Jiji au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wiki hii, na picha za kobe wote, siku uliyompokea kila mmoja na mahali alipookotwa. Mahali hapo paandike vizuri, maana ndipo watakaporudishwa wakipona, si kwenye kilima chochote kilicho karibu na nyumba yako.