Mistari inayochongoka: kabla hujaipeleka kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala

Msomaji wa Mbale ameandika akiuliza kwa nini manyoya ya taji la korongo wake yanatoka na unene uleule kuanzia kichwani hadi mwisho. Anatumia Inkscape, programu ya kuchorea, na nembo ni ya timu ya mpira ya mtaani kwao. Swali lake ni la wengi. Anayechora nembo Uganda hawezi kumkwepa ngaali, yaani korongo huyo mwenye taji, maisha yote, na ngaali asiye na taji lililochongoka ni kuku tu.

Shida inaanzia kwenye faili lenyewe. Katika SVG, aina ya faili la michoro ambalo Inkscape huhifadhi, mstari hupewa namba moja ya unene, basi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba uanze na milimita 4 na uishie na sifuri. Kwa hiyo mstari unaochongoka si mstari tena. Ni umbo lililofungwa na kujazwa rangi, na programu inakuficha tu ujanja huo. Ndiyo maana ukibadilisha rangi ya "Stroke" (mstari wa nje) unyoya unapata mpaka wa ajabu kuuzunguka: rangi yake sasa iko kwenye "Fill" (ujazo wa ndani).

Chora unyoya mmoja kwa kalamu ya Bezier (herufi B), nodi (vituo vya mstari) mbili tu, moja kwenye shina na nyingine kwenye ncha, kisha uupinde kwa vishikio, yaani vijiti vinavyotoka kwenye nodi. Nodi ya tatu ina kazi pale tu unyoya unapogeuza mwelekeo. Nenda "Path", halafu "Path Effects", uchague "Power Stroke". Bonyeza N na vidoto vya waridi vitatokea. Ukivivuta, unene unabadilika. Ctrl na kubofya kidoto huongeza kingine, Ctrl na Alt hukiondoa, Shift hufungua kisanduku cha namba. Zoea kisanduku hicho. Manyoya kumi na mawili yanayopimwa kwa jicho hayatalingana hata siku moja. Nafasi huhesabiwa kwa nodi: 0 ni nodi ya kwanza, 0.5 ni katikati ya kipande cha kwanza, 1 ni nodi ya pili. Upana nao hupimwa kutoka kwenye mstari wa katikati hadi ukingoni, kwa hiyo ukiandika 2 unapata unene wa 4.

Kisha angalia miisho. "Zero width" ndiyo inayotoa ncha, lakini ukiiacha pande zote mbili unyoya utachongoka kotekote na shina litapotea. Weka "Butt" au "Round" upande wa shina.

Kwa mchoro wa haraka, kalamu hiyohiyo ina orodha ya "Shape" yenye "Triangle in" na "Triangle out". Ncha ikija upande usioutaka, "Reverse" kwenye menyu ya "Path" inaigeuza. Wa Illustrator wana Shift na W tangu toleo la CS5 la 2010, na wa CorelDRAW wana "Artistic Media". Kanuni haibadiliki.

Sasa pale panapowashinda wengi: mstari unajikunja kwenye kona na kutoa kifundo cheusi upande wa ndani. Hiyo ni hesabu. Nusu ya unene ikizidi nusu kipenyo cha mpindo, ukingo wa ndani hauna pa kwenda, unajipanda. Mstari wa milimita 12 una 6 kila upande. Mpindo wa nusu kipenyo cha milimita 5 hauwezi kuubeba. Punguza unene hapo au legeza mpindo. Usiongeze nodi, maana kila nodi mpya ni nafasi mpya ya kifundo. Na kama ulichora kwa mkono ukapata nodi arobaini, Ctrl na L kwanza ili zipungue, ndipo uweke athari ya "Power Stroke".

Kuhusu kuchapa, tafadhalini acheni kumlaumu fundi wa mashine. Ncha inayoishia sifuri ni nzuri kwenye kioo cha kompyuta tu. Kwenye fulana zinazochapwa kwa skrini (wavu wa kupitishia wino), kitu chembamba kuliko robo milimita huzibwa na wino au hakitokei kabisa. Kwenye stika za kukatwa na plota (mashine ya kukata kwa kisu) ni vibaya zaidi, kwa sababu ncha nyembamba hunyanyuka pamoja na taka wakati wa kumenya, yaani kubandua mabaki yasiyotakiwa. Ncha iishie milimita 0.3 kwa fulana, milimita 1 kwa stika, na mwisho wa "Round". Pima kwenye ukubwa wa mwisho: ncha ya 0.5 kwenye bango inakuwa 0.05 ukiipunguza mara kumi iingie kwenye kadi.

Hifadhi nakala inayoharirika, halafu kwenye nakala ya kupeleka tumia Shift, Ctrl na C ili athari iwe umbo la kudumu. Kwa plota ongeza "Union" (Ctrl na alama ya kujumlisha), la sivyo kisu kitakata kila mahali manyoya yanapopandana kichwani na taji litatoka vipande vipande. Kwa kadi, chora korongo wa pili mwenye manyoya matano au sita manene zaidi. Kumpunguza yule wa bango hakutoshi.