Bia yako inachacha: ununue mtungi wa chuma?

Ndugu yangu, nimekusoma: unatengeneza bia nyumbani, ndoo ya lita 20, chumba cha mabati huko Kayole, bia mbili mfululizo zimechacha, na sasa unataka mtungi wa chuma badala ya ndoo. Ngoja kidogo.

Pitisha ukucha ndani ya ndoo. Ukikwama kwenye mkwaruzo, hapo ndipo bakteria wamejificha, na sabuni haiwafikii. Ndoo mpya ni bei rahisi. Osha kwa sponji laini, waya wa sufuria ukae mbali. Kisha ipitishe dawa ya kuua vijidudu.

Pesa inayobaki nunua kipimajoto na haidromita, kifaa cha kupima sukari iliyobaki kwenye bia. Hamira ikifanya kazi hutoa joto lake, kwa hivyo bia huwa moto kuliko chumba. Mabati saa nane mchana, jamani! Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike taulo bichi, ulenge nyuzi 18 hadi 20.

Usijaze chupa mpaka haidromita isome vilevile siku tatu. Mimi niliharakisha, chupa ikapasuka chini ya sinki usiku, tukadhani ni mwizi. Sukari ya gesi, ile ya kutia wakati wa kujaza chupa ili bia itoe povu, gramu 6 kwa lita yatosha. Pima kwa mizani, si kijiko.

Majirani wakianza kuagiza, simama. Sheria ya vileo ya Kenya ya 2010 inadai leseni kwa kutengeneza na kuuza, kwa hivyo muone wakili kwanza. Na kukeneka, yaani kuchemsha na kukusanya mvuke upate pombe kali, usiguse kabisa.